Dakika 15 za Mzee wa Kilwa

Mazungumzo yetu ya wiki hii yanahusu dakika 15. Ni dakika zilizopotea ndani ya kompyuta moja mjini Lindi, na lau zisingetafutwa kwa makini zingeweza kumwongezea mzee wa watu mwaka mzima wa umri asiokuwa nao. Kilichozifichua ni majaribio ya programu. Wengi wetu hatujawahi kuyasikia majaribio hayo, ingawa mshahara, pensheni na hata fedha tunazotumiana kwa simu vinayategemea kila siku.

Nianze kwa kueleza majaribio hayo ni kitu gani. Pwani ya Kilwa na Lindi ni nchi ya korosho na ufuta. Mkulima akifikisha gunia lake kwenye ghala la chama cha msingi, macho yake yote huwa kwenye mizani, kwa sababu hapo ndipo jasho la msimu mzima linapogeuka kuwa tarakimu. Lakini mizani haiaminiwi kwa sura yake. Mkaguzi wa vipimo huja na mawe yake, ambayo uzito wake unajulikana, akayapandisha juu ya mizani na kusoma. Jiwe la kilo 20 likisomeka kilo 20, mizani imepita. Likisomeka kilo 19, mizani ina kasoro, na mkulima ameokoka.

Jaribio la programu ni jiwe la namna hiyo. Fundi huiuliza programu swali ambalo jibu lake yeye analijua tayari, kisha hulinganisha jibu alilolitarajia na jibu alilolipata. Programu kubwa huwa na mamia, pengine maelfu ya majaribio, na kompyuta huyaendesha yenyewe moja baada ya jingine. Linalopita huonyeshwa kwa rangi ya kijani, na linaloanguka kwa rangi nyekundu. Fundi makini hawezi kuwapelekea watu programu yenye wekundu.

Sasa tuje kwenye lugha. Programu huandikwa kwa lugha zake maalumu, kama vile Java, Python na PHP. Lugha hizi hazikai palepale. Wanaozitunza hutoa matoleo mapya mara kwa mara, na kuhamia toleo jipya si anasa wala kufuata mkumbo. Toleo la zamani likishaachwa, matundu ya usalama yanayogunduliwa ndani yake hayazibwi tena, na mwizi huujua mlango usiokuwa na komeo. Toleo la 2 la Python liliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, zaidi ya miaka 11 baada ya toleo la 3 kutoka mwezi Desemba 2008. Hata kwa muda wote huo, wako waliokutwa hawajafunga mizigo yao.

Basi fundi anahama. Hagusi hata mstari mmoja wa programu yake, anabadilisha toleo la lugha peke yake. Anaendesha majaribio, na jana yote yalikuwa ya kijani. Leo anaona wekundu. Nani mkosaji?

Mimi nasema watuhumiwa ni wanne, na ubaya ni kwamba wanafanana sana. Tuwatazame mmoja mmoja.

Wa kwanza ni lugha yenyewe. Kuna wakati wenye lugha hubadilisha maana ya jambo kwa makusudi na kulitangaza. Katika Python ya zamani, ukigawa 7 kwa 2 ulipata 3, kwa sababu namba nzima ziligawanywa na baki likatupwa. Katika Python 3 unapata 3.5. Hakuna aliyekosea hapo. Lakini fikiria programu inayogawa mapato ya wanachama huku ikitegemea lile baki litupwe. Majaribio yake lazima yaanguke, na heri yaanguke, maana yasipoanguka fedha zitagawanywa ndivyo sivyo.

Wa pili ni jaribio lenyewe. Kuna majaribio yaliyokuwa yakipita kwa bahati. Java 7 ilipotoka Julai 2011, watu wengi waliona ajabu. Majaribio yaliyopita kwa miaka yalianza kuanguka, tena leo hili na kesho lile. Sababu ni kwamba toleo lile lilikuwa likiorodhesha majaribio kwa mpangilio mwingine. Lugha haikuwahi kuahidi mpangilio wowote, ila huko nyuma ulitokea kuwa uleule. Palikuwa na jaribio la pili lililotegemea vyombo vilivyoachwa na jaribio la kwanza, na la pili lilipotangulia likakuta meza tupu. Watunzaji wa JUnit, chombo kinachotumika sana kuendesha majaribio ya Java, waliweka mpangilio usiobadilika katika toleo la 4.11 la mwaka 2012. Hata hivyo dawa yenyewe ni kila jaribio lijitegemee, lije na chombo chake na liondoke nacho.

Wa tatu ni shehena. Toleo jipya la lugha ni kama jahazi. Haliji tupu, huja limebeba orodha za majina ya miezi, za alama za fedha, za saa za nchi zote na mengineyo. Java 20, iliyotoka Machi 2023, ilibeba orodha mpya ya namna ya kuandika saa. Katika Kiingereza cha Marekani, nafasi tupu iliyo kati ya tarakimu za saa na zile herufi za asubuhi au jioni ilibadilishwa, ikawekwa nafasi nyingine iliyo nyembamba zaidi. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti kabisa. Kwa jicho la mtu, ni nafasi tupu na nafasi tupu. Fundi akaletewa taarifa isemayo nilitarajia hivi, nimepata hivi, na maneno yote mawili yako sawasawa herufi kwa herufi! Wako waliodhani wamerogwa. Ukipata ugomvi wa namna hiyo usiamini macho. Itake kompyuta ikutajie namba ya kila herufi, nafasi tupu nazo zikiwemo.

Wa nne nitamtaja baadaye, kwa sababu ndiye aliyejificha katika kisa cha Lindi.

Mjini Lindi niliketi na kijana mmoja anayetunza programu ya daftari la wanachama wa taasisi ambayo sitaitaja, kwani jambo hilo lingeweza kutokea popote. Wanachama wake wametapakaa pwani yote, kutoka Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hadi Mchinga, na wengi ni watu wazima. Programu iliandikwa kwa Java 8 ya mwaka 2014, na kijana alikuwa ameihamishia Java 17 iliyotoka Septemba 2021. Majaribio machache yakaanguka, na yote yalihusu tarehe za kuzaliwa za wazee. Taarifa ilisema ilitarajiwa saa 3:15 usiku, ikapatikana saa 3:00 usiku.

Kijana akaniambia, "Mzee, mimi nimeshamaliza. Pale kwenye jaribio penye 15 nimeweka 00, yote sasa ni ya kijani. Wakubwa wanaitaka programu leo."

Nikamwuliza, "Na zile dakika 15 zimekwenda wapi?"

Hakujua. Hapo nikamwomba tusiondoke. Kufuta 15 na kuandika 00 bila kujua sababu ni sawa na karani wa ghala anayeona jiwe la kilo 20 likisomeka kilo 19, akachukua chaki na kuandika juu ya jiwe: kilo 19. Mizani na jiwe sasa vinakubaliana, na mkulima ameliwa kilo moja.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kurudi nyuma. Tuliendesha programu ileile kwa Java ya zamani, majaribio yote yakapita. Basi tukawa na hakika kwamba chanzo ni kuhama, wala si hitilafu iliyokuwepo tangu zamani. Jambo la pili, tuliiweka pembeni programu kubwa na kuandika programu ndogo ya mistari michache isiyofanya lolote ila swali moja: usiku wa manane wa tarehe fulani, kwa saa za Dar es Salaam, Greenwich ilikuwa saa ngapi? Tukaiuliza kwa Java zote mbili. Mwaka 1975, majibu sawa. Mwaka 1965, sawa. Mwaka 1955, yakapishana kwa dakika 15. Mwaka 1947, sawa tena. Tukazidi kubana, ikaonekana tofauti inaanza mwaka 1948 na kukoma mwisho wa mwaka 1960. Hitilafu yenye mipaka iliyonyooka namna hiyo haiwezi kuwa ya bahati mbaya. Ina historia.

Na historia yenyewe ni hii. Kompyuta nyingi duniani hutumia orodha moja ya saa za nchi, iliyoanzishwa katika miaka ya 1980 na Mmarekani Arthur David Olson, na ambayo msimamizi wake kwa miaka mingi amekuwa Paul Eggert. Kila toleo la Java huja na nakala yake ya orodha hiyo. Katika nakala ya zamani, Dar es Salaam ilikuwa na maelezo yake yenyewe: tangu mwaka 1948 hadi mwisho wa 1960, Tanganyika iliandikwa kuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Leo tuko mbele kwa saa 3 kamili.

Msishangae sana na robo saa hiyo. Ukilifuata jua lenyewe, Kilwa iko mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 38 hivi. Ndiyo maana kwa saa zetu za sasa, jua la Kilwa hufika utosini kwa wastani saa 6 na dakika 22 za mchana. Saa ya serikali ni makubaliano ya watu, na makubaliano hubadilika.

Mwaka 2014 waangalizi wa orodha waliiweka Dar es Salaam chini ya maelezo ya Nairobi. Hawakukusudia kutudharau. Kanuni yao ni kutenganisha tu miji ambayo saa zake zimepishana tangu mwaka 1970, na tangu mwaka huo Dar na Nairobi hazijapishana hata dakika moja. Kisha Desemba 2020 maelezo ya Nairobi nayo yakasahihishwa, ikaandikwa kwamba Kenya imekuwa mbele kwa saa 3 kamili tangu mwaka 1942. Sisi tukafuata kwa kuwa tumo katika jahazi hilohilo. Orodha haikuchunguza upya saa ya Tanganyika ya mwaka 1955. Ilitupa saa ya Nairobi.

Hapo shehena ikawa imetajwa. Lakini je, kosa ni la shehena? Ngoja kwanza.

Kompyuta haihifadhi wakati kama sisi tunavyousema. Huchagua siku moja ya mwanzo, kisha huhesabu. Mtakumbuka mwaka 2024 wateja wa LUKU walivyotakiwa kuingiza tarakimu za ziada katika mita zao. Mita za aina hiyo zilikuwa zikihesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuandikia hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Java nayo huhesabu tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich, na wakati wa kabla ya hapo huuhesabu kwa kurudi nyuma.

Sasa mchukue mzee wa Kilwa Kivinje. Siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa mahali, ila mwaka unajulikana, ni 1955. Wazee wengi wa namna hiyo huandikiwa tarehe 1 Januari. Programu ile ya Lindi haikuihifadhi kama tarehe tupu. Iliihifadhi kama nukta ya wakati, yaani mwanzo kabisa wa siku hiyo, usiku wa manane. Kwa orodha ya zamani, nukta hiyo ni saa 3:15 usiku wa tarehe 31 Desemba 1954 huko Greenwich. Kwa orodha mpya ni saa 3:00 usiku.

Taasisi ile ina kompyuta katika ofisi zaidi ya moja, na nyingine bado zilikuwa na Java ya zamani. Mzee akiandikishwa kwenye kompyuta mpya, inawekwa saa 3:00. Kompyuta ya zamani ikiisoma inaongeza saa 2 na dakika 45, na inafika saa 5:45 usiku. Bado ni tarehe 31 Desemba 1954! Kitambulisho cha mzee kinasema amezaliwa 1955, daftari linasema 1954. Nani ataaminiwa dirishani, mzee au mashine? Sote tunajua jibu.

Ukigeuza, mambo si mazuri sana. Wazee walioandikwa zamani, wakisomwa na kompyuta mpya, wanaonekana wamezaliwa saa 6:15 usiku tarehe 1 Januari. Tarehe ni sahihi, ila ina robo saa ya ziada isiyoonekana kwenye kioo. Programu ikiulizwa kama mzee wa daftari la jana ndiye huyu wa leo, inajibu kwamba ni watu wawili tofauti, maana hawakuzaliwa wakati mmoja. Mzee mmoja anakuwa wawili, au anakataliwa kabisa.

Yote hayo yangepita kimya chini ya rangi ya kijani kama 15 ingefutwa na kuwekwa 00.

Sasa namtaja mtuhumiwa wa nne. Ni programu yenyewe. Tarehe ya kuzaliwa si nukta ya wakati. Hakuna anayemwuliza mzee alizaliwa saa ngapi kwa saa za Greenwich. Ni siku, mwezi na mwaka, basi. Ukiifunga kwenye saa umeifunga kwenye jambo linaloweza kubadilishwa na mtu aliye mbali ambaye hata hajui Kilwa iko upande gani. Kosa hilo lilikuwamo tangu siku ya kwanza, limelala. Toleo jipya lililiamsha tu. Na dawa ilikuwepo tangu zamani, kwani Java 8 yenyewe, ya Machi 2014, ilikuja na aina ya data ya tarehe tupu isiyokuwa na saa wala nchi. Kijana aliitumia hiyo, akazipitia tarehe zote za zamani kwa uangalifu na kuzihamisha kwa kutumia orodha ileile iliyoziandika, kisha akaandika jaribio jipya: mzee wa tarehe 1 Januari 1955 akiandikwa kwenye kompyuta yoyote, asomeke tarehe 1 Januari 1955 kwenye kompyuta yoyote. Kazi iliongezeka siku mbili. Wakubwa walinung'unika, wakanyamaza.

Kwa vijana wetu wanaofanya kazi hii, na sasa ni wengi mijini, naomba kutoa ushauri ninaouona wa haki.

Kabla ya kuhama, endesha majaribio yote kwa toleo la zamani na uyaweke matokeo. Usije ukalisingizia toleo jipya ugonjwa wa zamani.

Usiruke ngazi zote kwa hatua moja. Aliyetoka Java 8 kwenda 17 anaweza kupita kwanza Java 11. Akianguka atajua ameanguka ngazi ipi.

Majaribio 40 yakianguka usiogope idadi. Yapange mafungu kwa taarifa zinazofanana, mara nyingi utakuta chanzo ni kimoja au viwili. Kisha soma maelezo yanayotolewa pamoja na toleo. Wenye lugha huandika walichobadilisha, tatizo ni sisi kutosoma.

Andika programu ndogo yenye lile jambo la ajabu peke yake, na uiulize kwa matoleo yote mawili. Ndani ya programu kubwa hitilafu hujificha kama pweza kwenye mwamba.

Mwisho, usizime jaribio wala usibadilishe jibu lake mpaka uweze kueleza kwa sentensi moja kwa nini jibu la zamani si sahihi tena. Kuna wakati ni halali kubadilisha jaribio. Lakini sentensi hiyo iandikwe kando yake, ili atakayekuja baada yako aikute.

Na kwa wakubwa wa maofisi nina neno moja. Fundi wako akikuambia programu inafanya kazi lakini majaribio mawili yameanguka na hajajua sababu, usimwambie ayafute. Mpe siku mbili. Mkulima hakubali kupima ufuta wake kwenye mizani iliyokataliwa na mkaguzi, hata foleni iwe ndefu kiasi gani. Umri wa mzee, mchango wake na jina lake katika daftari vinastahili mizani ya namna hiyo.